Karatasi Kwanza, Bata Mzinga Baadaye

Bata mzinga mwitu wa Marekani anaweza kufikisha kilo kumi, lakini sehemu yake inayomhusu mwindaji haizidi ngumi ya mtoto na kipande cha shingo. Mwili mzima umefunikwa manyoya mazito, mbawa zenye mifupa migumu na kifua kinene. Ukimpiga hapo kwa marisau, atakimbia au ataruka, kisha atakufa kichakani ambako hakuna atakayemla isipokuwa mbweha. Kwa hiyo anapigwa kichwani na shingoni, mara moja, na kwa marisau mengi yaliyokusanyika pamoja.

Sasa tazama tunavyojiandaa. Majira ya kuchipua yakikaribia, watu wazima wenye kazi zao na wajukuu wao hununua nguo za mabaka, mpaka soksi. Hujipaka rangi usoni na kufanya mazoezi ndani ya gari ya kulia kama jike la bata mzinga linalotafuta mchumba. Yote hayo ni mema. Kisha alfajiri ya siku ya kwanza mtu huyohuyo anaingia msituni Missouri au Pennsylvania na bunduki ambayo hajawahi kuipigia karatasi hata moja. Mwongozo huu ni wake, na sitamwonea haya.

Tuanze na choki, kwa sababu ndiyo inayokula fedha nyingi bila kuulizwa maswali. Choki ni bomba fupi la chuma linaloskurubiwa ndani ya mdomo wa mtutu ili kuubana, kama mtu anavyobana mdomo wa mpira wa maji ili maji yafike mbali. Mtutu wa geji 12 una upana wa karibu milimita 18.5. Choki iitwayo fulu huupunguza kwa milimita moja hivi, na kwa kipimo cha zamani hutarajiwa kuingiza asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la inchi 30 kwa umbali wa yadi 40. Mtutu usiobanwa kabisa huingiza yapata asilimia 40. Choki za bata mzinga hubana zaidi ya fulu, nyingine zaidi ya milimita moja na nusu.

Hapo tamaa huingia. Kama kubana kidogo kunasaidia, mnunuzi huwaza, basi kubana sana kutasaidia sana, naye huchukua choki nyembamba kuliko zote dukani, ile yenye picha ya dume lililovimba kwa hasira kwenye kasha. Ndugu yangu, picha ya kwenye kasha haijawahi kuua ndege. Madini ya risasi ni laini. Yakilazimishwa kupita kwenye tundu dogo kupita kiasi, marisau hugongana, hubonyea, na yaliyobonyea hukimbilia pembeni. Matokeo yake ni mtawanyiko wenye uwazi katikati, pale hasa ambapo kichwa kingekuwa. Kuna bunduki inayopenda choki pana kidogo kuliko ya jirani yake, ingawa zote mbili zimetoka kiwanda kimoja, na hakuna muuzaji anayeweza kukuambia hilo kwa kuitazama. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mtengenezaji wa choki naye ni mwamba ngoma.

Choki iliyobana mno ina hatari nyingine ambayo watu huisahau. Sote hujiandaa kwa yadi 40, lakini bata mzinga aliyedanganyika vizuri huja mpaka yadi 15. Kwa umbali huo marisau yote bado yamesongamana kama donge moja lenye ukubwa wa chungwa. Ukikosa kwa upana wa kiganja, umekosa kabisa, na utabaki ukijieleza kwa miti.

Kabla ya kufunga choki, hakikisha bunduki haina kitu ndani. Angalia na tena angalia. Nyuzi za skurubu hutofautiana baina ya kampuni na kampuni, hivyo choki inayokataa kuingia kwa vidole usiilazimishe kwa koleo. Usifyatue bunduki ya aina hii bila choki yoyote ndani, kwa maana nyuzi za mtutu huharibika. Soma pia maandishi kwenye choki yenyewe: nyingi za bata mzinga hazitakiwi kupitishiwa marisau ya chuma, ambayo ni magumu na hayabonyei.

Katriji nazo si kitu kimoja. Kwa miaka mingi wawindaji walitumia marisau ya risasi namba 4, 5 na 6, nayo yanafanya kazi hadi leo pale sheria inaporuhusu. California imepiga marufuku madini ya risasi katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Kisha yakaja marisau ya tangsteni. Uzito wa tangsteni hii ni gramu 18 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, na wa risasi ni 11. Kwa hiyo punje ndogo ya namba 9, yenye upana wa milimita mbili tu, hupenya kama punje ya risasi iliyo kubwa zaidi. Aunsi moja ya risasi namba 5 ina marisau yapata 170, na aunsi moja ya tangsteni namba 9 ina zaidi ya 350. Bei yake itakufanya ukae chini. Mimi naipendekeza kwa anayeweza kuilipia, lakini mwenye katriji ya risasi aliyoipima karatasini anamshinda mwenye tangsteni aliyoipima kwa risiti ya duka.

Sasa karatasi yenyewe. Tafuta mahali panaporuhusiwa kupiga, penye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Vaa kinga ya masikio na miwani. Tundika karatasi yenye upana usiopungua sentimita 90, weka alama katikati, kaa kwenye kiti imara na uegemeze bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Anza na katriji nyepesi za bei nafuu kwa yadi 20, ili ujue tu bunduki inapeleka wapi kitovu cha marisau. Utashangaa. Bunduki nyingi hupeleka juu, au kushoto, na kwa choki iliyobana kosa la sentimita 15 linatosha kumrudisha ndege kwao akiwa mzima.

Ukishajua hilo, weka katriji za kuwindia na urudi hadi yadi 40. Kwa kila choki na kila aina ya katriji piga mara tatu, kila mara kwenye karatasi mpya, na andika juu yake: choki gani, katriji gani, umbali gani. Andika hapohapo, maana karatasi zote zikirundikana hufanana. Acha mtutu upoe. Katriji za bata mzinga hupiga bega bila huruma, na bega likianza kuogopa, jicho hufumba kabla ya mlio. Likikuambia basi, litii. Rudi siku nyingine.

Kisha hesabu. Chora duara la inchi 10 mahali matundu yalipojaa zaidi na uhesabu yaliyo ndani. Kipimo ambacho wawindaji wengi hukishika ni matundu 100 kwa yadi 40. Lakini usiishie kwenye idadi. Chukua mchoro wa kichwa na shingo, uuzungushe juu ya karatasi, utafute sehemu ambapo ungekaa bila kuguswa. Karatasi yenye matundu 130 na uwazi wa ukubwa wa shingo haifai. Yenye 105 yaliyoenea sawasawa ndiyo ya kuaminiwa, nayo ndiyo itakayokuchagulia choki.

Tuje kwenye vilenga shabaha. Bunduki nyingi za marisau huuzwa na chembe moja ya shaba kwenye ncha ya mtutu. Chembe hiyo iliwekwa kwa ajili ya ndege anayeruka. Bata mzinga amesimama mbele yako, moyo unadunda, unainua uso ili umwone vizuri, na marisau yanapita juu ya kichwa chake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka bata mzinga sharti alaze shavu kwenye kitako cha bunduki. Vilenga viwili, cha mbele na cha nyuma, vinakulazimisha uiname, kwa sababu usipolaza shavu havilingani. Vinarekebishika pia, jambo ambalo chembe ya shaba haiwezi.

Kioo chenye nukta nyekundu ni bora zaidi kwa macho yaliyoanza kuzeeka: unaiweka nukta katikati ya shingo na kazi imekwisha. Ila badilisha betri kabla ya msimu, na ipunguze mwanga alfajiri, la sivyo nukta itaumeza mtutu na ndege wake. Darubini ya nguvu ndogo inafaa. Ya nguvu kubwa iachie paa. Chochote utakachofunga, rudi kwenye karatasi ukirekebishe.

Nayasema haya kwa ukali kwa sababu ndege huyu alikaribia kutoweka. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amemalizwa katika majimbo mengi. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ilielekeza ushuru wa bunduki na katriji kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Maofisa waliwanasa ndege hai kwa nyavu zinazorushwa na kuwahamishia misitu mipya, na leo wapo kwa mamilioni. Wamelipiwa na wawindaji. Kuwajeruhi kwa uvivu wa kuhesabu matundu ni aibu yetu wenyewe.

Basi ukiwa msituni, egemea mti mpana kuliko mabega yako, na usivae nyekundu, nyeupe wala bluu, rangi za kichwa cha dume. Akijivimbisha shingo imejikunja, usipige. Toa mlio mmoja mkali, ngoja ainue kichwa. Na kama karatasi zako tatu zilitosha kwa yadi 40 na zikapungua kwa 45, basi 40 ndiyo mwisho wako. Dume akisimama mbali zaidi ya hapo, weka kidole nje ya kifyatulio na umwite aje.