Boksi la Kupanda Mamba Miamba

Basi la Dar likishusha abiria Same mjini, baba kijana utamjua kwa boksi lake. Ndani mna mtambo wa umeme wa kuchemshia chupa, mwingine wa kupashia maziwa, chuchu za plastiki za saizi nne, na chupa ambayo eti mtoto hataitofautisha na mama yake. Mtoto mwenyewe yuko Mamba Miamba, juu mlimani, na ananyonya bila kusoma maelekezo.

Sisi Wapare tunataniwa kwamba tunauza ng'ombe ili kuendesha kesi ya mbuzi. Sawa, lakini angalau mbuzi yupo. Boksi hili linatibu shida ambayo haijazaliwa.

Bibi hupokea kwa shukrani nyingi, akapanga chupa kabatini wageni wazione. Mama akirudi kwenye shamba lake la tangawizi, maziwa aliyokamua kwa mkono mtoto hunyweshwa kwa kikombe. Shirika la Afya Duniani na UNICEF nao wanashauri kikombe, kwani husafishika kirahisi. Uchafu hujificha kwenye chuchu ya chupa. Bibi hakuwasubiri.

Kwa mama aliyeajiriwa, kifaa cha maana kimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: likizo ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha, kisha hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku wakati wa kazi. Baba kijana, kaulizie hizo ofisini kwa mkeo kabla hujanunua boksi la pili.