Shikamoo Yenye Uzi Mdomoni

Huko ukweni Tanga sasa najulikana kama mkwe asiyeamkia. Habari ilisafiri kwa simu jana jioni, ikafika kabla mwenye habari hajavua viatu: mama mkwe kaja Dar bila taarifa, kapiga hodi, hakuitikiwa, kaingia hadi uani, na huko kamkuta mume wa bintiye kapiga magoti mbele ya baiskeli iliyopinduliwa miguu juu, mdomo kaubandika kwenye tundu la fremu, anavuta. Macho yamemtoka pima, na shikamoo hatoi. Yote hayo ni kweli tupu. Wasichoambiwa Tanga ni habari ya uzi.

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba kutoka Ulaya, ya alumini, nyepesi, ya kuringia. Waya wake wa gia hauonekani. Unaingia kwenye kitundu karibu na usukani, unashuka ndani ya bomba la chini la fremu, unachungulia tena kule kwenye pedeli, ndipo unaelekea gia ya nyuma. Ulipoanza kuchakaa niliipeleka kwa fundi wa mtaani, naye akauchomoa wote kwa mvuto mmoja, kwa madaha, kama anayemtoa mtu mwiba. Kumbe waya wa zamani ndio njia ya waya mpya. Ukiwa bado umo ndani, unauvisha kijibomba chembamba cha plastiki, unauchomoa na kukiacha kijibomba, halafu mpya unapita humo bila matata. Ukishatoka mtupu, umebaki na pango. Fundi akasukuma waya mpya kutoka juu, ukaenda kujikunja gizani. Akasukuma kutoka chini, ukajikunja vilevile. Mwishowe akafuta mikono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hii imefichwa na wenyewe."

Nikaikokota nyumbani. Wajuzi husema tumia sumaku: alumini haivutwi, kwa hiyo sumaku ikipita nje ya bomba inauongoza waya ulio ndani hadi kwenye tundu. Nikapasua spika mbovu, nikapata sumaku nene. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimejinyima nikanunua waya mzuri, wa chuma kisichoshika kutu, na waya wa namna hiyo huvutwa na sumaku kwa unyonge, kama unaombwa. Ule wa bei poa uliopakwa zinki ndio hung'ang'ania sumaku. Ubora wangu ukaniponza.

Basi ikabaki njia ya uzi. Unafunga kipande chepesi cha plastiki kwenye ncha ya uzi, unakiingiza tundu la huku, na tundu la kule unaweka mashine ya kufyonza vumbi. Upepo unaleta plastiki, plastiki inaleta uzi, uzi unaleta waya. Mimi plastiki nilikuwa nayo, baki la mfuko mmoja ulionusurika marufuku ya 2019. Mashine ya kufyonza vumbi sina. Mapafu ninayo.

Fremu za baiskeli zina matobo mengi kuliko unavyodhani, na kila tobo usiloliziba linakuibia pumzi. Niliziba kwa vidole, kwa matambara, kwa sabuni ya kipande. Nikavuta vumbi la Ulaya na la Kariakoo kwa pamoja. Hatimaye nikahisi kitu kikinigusa ulimi. Kilikuwa ni kile kiplastiki. Nikakidaka kwa midomo, na hapohapo nikasikia: "Hodi wenyewe!"

"Mmh," nikaitika.

"Hodi!"

"Mmmmh!"

Mama akatokea pembeni ya nyumba na kikapu chake. Akanitazama. Akasimama kimya, ule ukimya wa mzazi anayesubiri haki yake. Kwa kuwa baiskeli ilikuwa kichwa chini, uzi ulikuwa umepanda juu hadi kwangu, na ningeuachia ungeporomoka wote. Mikono ilikuwa imebanwa na matobo. Nikajaribu kuamkia kwa pua, ikatoka sauti ya mbuzi. Shikamoo inataka pumzi itoke, bwana, na pumzi yangu yote ilikuwa inatakiwa iingie. Nikaitoa.

"Shikamoo mama."

Uzi ukarudi ulikotoka.

"Marahaba baba," akasema, akiangalia ile duara nyeusi ya grisi iliyonizunguka mdomo. "Inaumwa baiskeli au unaumwa wewe?"

Nikampa kigoda, nikamweleza. Akasikiliza, kisha akauliza: "Sasa si uupitishe huo waya kwa nje tu?"

Hapo nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikamfundisha. Mama, nikasema, waya wa gia si kamba. Kamba iliyopinda ukiivuta, kwanza hunyooka, na huku mwisho hakuna kinachosogea. Waya wa gia unapinda kwenye usukani, unapinda tena kwenye gurudumu la nyuma, na bado unavuta. Siri iko kwenye kava. Kila unapovuta waya wa ndani, kava la nje linasukuma upande wa pili kwa nguvu ileile, ndiyo maana kila mahali kava linapoishia lazima liegemee kitu cha kulizuia, kama kikombe kilichoshikana na fremu. Kava unaliona kama nguo ya waya, kumbe linafanya nusu ya kazi. Hataza yake ilichukuliwa Uingereza mwaka 1896 na Ernest Bowden, si yule Frank Bowden wa kampuni ya baiskeli ya Raleigh, ingawa majina yanafanana.

Mama akafungua kikapu, akaanza kuchambua njegere.

Na makava hayafanani, nikaendelea. La breki ni bati jembamba lililozungushwa kama springi. Linavumilia nguvu, lakini ukilipinda urefu wake unabadilika kidogo. Kwa breki si neno. Zamani hata kwa gia haikuwa neno, maana mtu alisogeza wenzo taratibu hadi sikio limwambie mnyororo umekaa. Mwaka 1984 Shimano wakaleta gia za kubofya kwa hatua. Katika gia zao za sproketi nane, mbofyo mmoja huvuta waya chini ya milimita 3, na mnyororo unahamia karibu milimita 5 pembeni. Kava likipotoa milimita moja tu, uko katikati ya sproketi mbili na mnyororo unalalamika. Ndiyo maana kava la gia lina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu toka mwanzo hadi mwisho: halibonyei. Lakini usithubutu kulitia kwenye breki, linaweza kupasuka siku unayolihitaji.

"Kwa hiyo nje haupiti?" akauliza mama.

Nikasema fremu hii haina vikombe vya nje. Akatikisa kichwa, sijui kwa kunisikitikia au kwa ajili ya njegere.

Lakini nina kinyongo, na si na mama. Wanasema waya hufichwa ili baiskeli ikate upepo na ipendeze. Upepo upi, kwenye foleni ya Mbagala? Siku hizi kuna baiskeli ambazo nyaya na mabomba ya breki hupita ndani ya shingo ya usukani, kubadilisha beringi moja ni lazima ung'oe nusu ya mbele. Mnunuzi wa kwanza hapati taabu. Baiskeli ingali mpya. Anaichoka karibu na siku ambayo waya unataka kubadilishwa, inapanda meli, na kazi aliyoificha mchoraji wa kiwandani inamwangukia fundi wa chini ya mwembe ambaye hakupewa kitabu wala kifaa. Breki za baiskeli za Phoenix ni vyuma vitupu, vyote viko nje, na fundi yule huzinyoosha akipiga soga. Nilimwona akinirudishia baiskeli yangu bila kunitazama usoni. Mtu huyo anajua kazi yake. Hakustahili kuaibishwa na kitundu.

Yaliyofuata ni madogo. Uzi niliuvuta upya, waya ukapita ndani. Ncha ya waya niliikata kwa plaizi butu, nyuzi zikachanua. Duka moja likaniuzia kava la breki likaapa ni la gia. Nilipokata kona kushoto, baiskeli ikajibadilisha gia yenyewe.

Leo asubuhi nimerudi kwa fundi na kava la gia refu, zima, lisilokatika kuanzia usukani hadi gia ya nyuma. Kava zima halihitaji vikombe njiani. Linaegemea mwanzo na mwisho tu. Akalilaza juu ya fremu, akalifunga kwa vipande vya tyubu, hakukaza sana, na gia zote zikaingia. Waya umepita nje. Mama yuko kwetu hadi Jumapili, na mke wangu ameshamwambia.