Pikipiki ya Baba na Ufagio wa Mama

Mama alitoka chumbani alfajiri kwenda kutawadha, mguu ukateleza ukumbini. Hakuanguka. Alidaka mlango wa chumba chetu, mlango ukafunguka kwa kishindo, nyumba nzima ikaamka. Nilipowasha taa niliona oili imetambaa kutoka chini ya BSA, pikipiki ya Baba, imepita chini ya mkeka wake wa kuswalia, na imegusa pindo la zulia jipya ambalo mke wangu alikuwa amelikunja ukutani likisubiri wageni. Ilikuwa kiasi cha kikombe cha kahawa tu, lakini juu ya vigae kikombe kimoja cha oili ni ziwa. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na washenga wa mdogo wangu wa kike walikuwa wanakuja Jumamosi ya pili yake.

"Mwanangu," Mama alisema, macho yake yakiwa kwenye mkeka, "pikipiki ya baba yako naipenda kama unavyoipenda wewe. Lakini leo ilale nje."

Kulala nje haiwezi. Hapa mtaani kwetu Tanga, mwenye pikipiki huiingiza ndani jioni kama anavyoingiza kuku, na hii yetu ikiibwa hakuna duka la kununua nyingine. Baba aliinunua mwaka 1964 kwa karani wa shamba la mkonge kule Muheza. Ni M20, silinda moja ya sentimita za ujazo 496, valvu zikiwa ubavuni mwa silinda badala ya kukaa juu ya kichwa. Kiwanda cha BSA cha Birmingham, Uingereza, kiliunda zaidi ya laki moja za namna hii kwa ajili ya majeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ina nguvu za farasi 13 tu. Lakini ndiyo iliyompeleka Baba kazini maisha yake yote ya utumishi, na ndiyo iliyompakia Mama kwenda hospitali usiku niliozaliwa. Baba alipofariki ilikaa bandani miaka sita, hadi nilipoifufua mwaka jana.

Nimeambiwa mara nyingi, hata na mafundi ninaowaheshimu, kwamba pikipiki kuukuu za Kiingereza lazima zivuje, kwamba ndivyo zilivyozaliwa. Nalikataa neno hilo. Kwa Baba haikuwahi kuchafua sakafu. Niliikumbuka ikilala palepale ukumbini, juu ya gunia moja tu, na gunia lile lilikaa miezi bila kubadilishwa.

Jumapili niliiosha injini kwa mafuta ya taa, nikaikausha kwa matambara, kisha nikaomba poda ya mtoto. Ukiinyunyiza poda kwenye injini kavu halafu ukaiwasha, mahali oili inapoanzia patageuka rangi kabla ya pengine pote. Bila hivyo utadanganyika, kwa sababu oili ikitoka juu husukumwa nyuma na upepo, hushuka kwa kufuata mbavu na bolti, na tone la mwisho hudondoka mbali kabisa na kidonda. Baada ya dakika kumi poda iliingia weusi kwenye ukingo wa kava la upande wa kulia, lile linalofunika meno ya kuzungushia kemu.

Kosa langu la kwanza nililifanya hapo, na niliharibu siku nzima. Nilikaza skrubu. Zilipokataa kwenda nikakaza tena, kisha nikapaka gundi ya silikoni kuzunguka kiungo kwa nje. Silikoni ya nje haizuii kitu. Oili inaisukuma kutoka ndani na kuibandua kama gamba. Ukiipaka nene kwa ndani ni hatari zaidi, maana inayobanwa huingia tumboni mwa injini, hukatika vipande, na kipande kimoja kikiziba njia ya oili injini huungua. Jumatatu nililifungua kava lote.

Chini yake nilikuta gasketi tatu zimepandana, kila fundi ameweka yake juu ya ngozi ya mwenzake. Nilizilowesha kwanza, kwa sababu gasketi za zamani huweza kuwa na asbesto na vumbi lake si la kuvuta, kisha nikazikwangua kwa kipande cha mwanzi kilichochongwa. Kava ni la alumini; kisu cha chuma huacha mkwaruzo, na mkwaruzo unaotoka ndani hadi nje ni mfereji tayari.

Niliondoa meza ndogo ya kioo sebuleni. Kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote nyumbani mwa mtu. Nikachanganya buluu ya kufulia na matone ya oili, nikaipaka kioo kidogo sana, nikalilaza kava juu yake na kulisogeza. Nilipoliinua, buluu ilikuwa imeshika kwenye midomo ya matundu ya skrubu peke yake, na katikati ya tundu na tundu alumini ilikuwa safi. Miaka ya kukaza ilikuwa imevuta metali juu kuzunguka kila tundu, na kava limepinda kama ukingo wa sahani ya bati. Jumapili ile nilipokuwa nakaza, nilikuwa nazidi kulipinda.

Mke wangu alisimama mlangoni akaitazama meza yake. Hakusema neno kuhusu meza. Alisema, "Kumbe ni kama kola iliyoshonwa kwa kuvutwa."

Yeye ni fundi cherehani, na kuanzia hapo kazi ikawa ya watu wawili. Midomo ya matundu niliiondoa kwa ncha ya keekee kubwa kuliko tundu, nikiizungusha kwa mkono bila kulazimisha. Kisha tukabandika msasa laini wa namba 400 juu ya kioo, tukaulowesha mafuta ya taa, nikalisugua kava kwa mwendo wa namba nane, polepole, nikiligeuza kila baada ya mizunguko michache ili lisilike upande mmoja. Buluu ilipogusa ukingo wote ilikuwa imeshapita saa nne usiku na watoto wamelala.

Gasketi ya kwanza niliikata kwenye boksi la sabuni. Mke wangu aliichovya ncha yake kwenye oili na kunionyesha: oili ilipanda ndani ya karatasi ile kama inavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Kesho yake nilinunua karatasi ya gasketi dukani kwa vipuri. Yeye ndiye aliyeikata. Alinifundisha kuilaza juu ya kava na kugongagonga ukingo kwa nyundo ya kichwa cha mviringo hadi kava lenyewe liichore karatasi, kama anavyochora nguo kwa kufuata nguo. Matundu akayatoboa kwa kitoboleo chake cha vifungo vya mikanda. Tukaipaka grisi kidogo pande zote mbili. Skrubu nikazikaza kwa kupokezana, moja huku, ya mkabala kule, kwa awamu tatu, na nikaacha pale mkono uliposema basi.

Alhamisi niliosha, nikanyunyiza poda, nikaenda hadi Pongwe na kurudi. Kava la kulia lilikuwa jeupe, halina hata doa. Lakini poda ilikuwa imelowa chini ya silinda, na kwenye kifuniko cha valvu, mahali ambapo Jumapili palikuwa pakavu.

Nilikaa chini kibarazani. Zilibaki siku mbili. Mama alikuwa anafagia uani, akaja akaketi karibu yangu, ufagio wa chelewa mapajani.

"Baba yako hakuwa akikata makaratasi," alisema. "Alikuwa akiniharibia fagio. Kila baada ya muda anakuja kuchomoa chelewa moja, anaichokonoa pikipiki kwa chini, anaitupa. Nimegombana naye miaka."

"Anaichokonoa wapi, Mama?"

Hakujua jina la mahali. Aliinuka, akainama kwa shida, akanyoosha kidole kwenye kitundu kisichofika unene wa penseli. Nilikuwa nimekiosha kwa nje mara tatu nikidhani ni tope la njiani. Lilikuwa ni tope kweli, ila la nyigu. Katika miaka ile sita ya bandani nyigu alikuwa amejenga ndani yake na kukiziba kwa udongo mgumu kama kigae.

Ni tundu la kupumulia. Pistoni ya injini hii kila inaposhuka husukuma karibu nusu lita ya hewa tumboni mwa injini. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika ni mara 50 kwa sekunde. Hewa hiyo isipopata mlango wake hutafuta kiungo kilicho dhaifu kuliko vingine, na hutoka na oili. Mimi nilipokiponya kimoja ilihamia cha pili. Hakuna gasketi duniani ya kushindana na hilo.

Niliulowesha udongo kwa mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi Mama alichomoa chelewa mwenyewe akanipa. Nilichokonoa taratibu, nikivutia nje ili tope lisiingie ndani, mpaka nilipopiga kiki na kusikia pumzi ikinigusa kidoleni, fu, fu, fu. Nilikwenda Pongwe tena. Poda ilirudi nyeupe.

Washenga walikuja, wakala, posa ikapokelewa. Usiku ule niliiingiza BSA ukumbini na kutandika karatasi nyeupe chini yake. Alfajiri nilisikia Mama anatoka, nikasubiri. Swichi ya taa ililia, kukawa kimya, kisha nikasikia mkeka unatandikwa mahali pake.

Nilipoamka nilikuta karatasi ina tone moja, dogo kuliko punje ya mtama. Na kwenye msumari wa ukutani, juu ya usukani, Mama alikuwa ametundika chelewa tatu mpya zilizofungwa kwa uzi.