Mizani ya Kumi na Saba

Saa tatu usiku, Mbagala, giza totoro. Mwandishi wa makala haya amepiga magoti mbele ya mita ya umeme kama mtu anayetubu. Simu inayommulikia imebakiwa na chaji asilimia 4. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20, nne nne mara tano, na ameshaziingiza mara tatu. Mara zote tatu mita imezikataa. Mtoto anauliza kutoka ndani baba amefika namba ya ngapi. Nyumba ya pili, jirani anashangilia goli.

Hapo akafanya anachokifanya kila mambo yanapomwendea kombo. Aliweka simu chini, akainua mikono, akaanza kunong'ona mshororo mmoja wa shairi huku akikunja kidole kwa kila silabi. Vidole vinne vya kushoto, vinne vya kulia: ukwapi huo, mizani 8. Akarudia kushoto na kulia: utao, mizani 8 nyingine. Mwisho akabonyeza gumba, kama karani anayegonga muhuri. Pumzi ikashuka. Akaichukua tena ile karatasi, akaisoma taratibu kuanzia juu, na safari hii akaiona tarehe. Ilikuwa tokeni ya mwezi uliopita.

Mshororo wenyewe hautaandikwa hapa. Sababu itaonekana huko mbele.

Aliupata kidato cha pili, kwa njia ya adhabu. Mwalimu wa Kiswahili hakuwa mtu wa fimbo. Ukichelewa, alikupa mshororo wako, ukasimama mbele ya darasa na kuughani ukihesabu mizani kwa vidole, magumba yakiwa yamekunjwa. Wenzake walichelewa mara moja moja. Yeye alichelewa mpaka mshororo ukamwingia kwenye damu. Akamaliza shule akiamini ni wa Shaaban Robert. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, ila Tanzania mshororo usio na mwenyewe hupelekwa kwa Shaaban Robert, kama mtoto aliyepotea anavyopelekwa kwa mjumbe.

Anajua fika kwamba kuna watu walioegemea ushairi katika mambo mazito. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili binti yake abaki na wosia. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina, alimlilia kwa shairi. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", na humo gerezani akawa anaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitoka mwaka 1973 katika kitabu cha Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Mwenzao huyu wa Mbagala naye ana karatasi yake, ya LUKU. Kwa hiyo akiwa mbele ya watu hujitahidi asisimulie kwamba siku mshororo wake ulipomfaa kuliko zote ni siku aliyochanika suruali.

Ilikuwa harusi ya binamu yake, naye alikuwa mweka hazina wa kamati. Suti ilishonwa kwa haraka. Fundi alimhakikishia kuwa imemkaa, na kweli ilimkaa, ilimradi yeye mwenyewe asikae. Alipoinama kuokota kijiko, mshono wa nyuma ukaachia kuanzia kiunoni kushuka, kwa mlio uliowafanya meza ya jirani wadhani shampeni imefunguliwa. Akarudi kitini akaganda. Hakwenda kuchukua chakula. Hakucheza. Ndipo mshereheshaji akatangaza kwa furaha: "Sasa namwomba mweka hazina wetu asimame, aje mbele, tumpongeze!"

Vidole vinne kushoto, vinne kulia. Ukwapi. Utao. Gumba. Kufika gumbani, akili ilikuwa imerudi, akamwomba shangazi yake kanga. Akajifunga kiunoni, akatoka mbele kwa hatua za mtu aliyepanga hivyo tangu asubuhi, ukumbi ukampigia vigelegele. Hakujua kuwa jina la kanga lilikuwa limekaa barabara nyuma yake, likisomeka mpaka meza ya mwisho: TAZAMENI HADI MCHOKE.

Safari nyingine alituma shilingi elfu hamsini za karo kwa namba isiyo yake. Akampigia mpokeaji kumweleza, naye akajibu kwa upole, "Nakushukuru sana kaka, nilikuwa nimekwama," kisha simu ikazimwa. Siku hiyo mshororo ulirudiwa mara sita, kituo kizima cha daladala kikimtazama anavyokunja vidole.

Ukimwuliza siri yake nini, atakwambia haina uchawi wowote. Maneno ya mshororo yanahusu kuvumilia, lakini hata yangehusu bei ya vitunguu, kazi ingefanyika. Mtu hawezi kuhesabu mizani na kutukana kwa wakati mmoja, maana kinywa ni kimoja. Ukimaliza kuhesabu, lile tusi limeshapoa.

Basi mwaka jana, katika kijiwe cha kahawa huko Tandika, akakutana na mzee ambaye mashairi yake yaliwahi kuchapwa magazetini. Akaona leo ndiyo leo.

"Shikamoo mzee. Nina mshororo mmoja umenilea mimi."

"Marahaba mwanangu. Hebu ulete."

Akaughani kwa sauti, vidole vikifuata. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akafumbua jicho moja.

"Hicho cha mwisho ulichobonyeza ni nini?"

"Gumba, mzee."

"Gumba limeingiaje kwenye tarbia?"

Kijiwe kikanyamaza. Mzee akahesabu mwenyewe, mara mbili, kisha akatoa hukumu. Mizani 17. Mahali fulani katikati ya utao, yule mwanafunzi mchelewaji alikuwa amechomeka "na" isiyohusika, akaibeba hivyo hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini. "Mwanangu," mzee akasema kwa huruma, "hilo ni guni." Akamkumbusha kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwisha kuyapanga hayo katika Sheria za Kutunga Mashairi, mwaka 1954, na gumba hakulitaja.

Mnywaji mmoja akajaribu kumtetea. Akasema Kezilahabi naye aliachana na vina na mizani katika Kichomi, mwaka 1974, kwa hiyo huenda huyu ni mshairi wa kisasa. Mzee akatikisa kichwa. "Kezilahabi aliacha kwa kujua. Huyu kazidisha bila habari." Akapiga funda la kahawa, kisha akamalizia: "Halafu si wa Shaaban Robert."

Aliondoka amenywea. Kesho yake akaenda maktaba, akapekua diwani moja baada ya nyingine mpaka akaupata mshororo kamili, mizani 16 zilizonyooka. Akaunakili kwa mwandiko mzuri kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia kwenye pochi. Kwa siku tatu aliufanyia mazoezi bila gumba, ulimi ukigoma kila ulipofika kwenye ile "na".

Siku ya nne akashuka daladala Kariakoo, akapapasa mfuko wa nyuma. Pochi hakuna. Ilikuwa na shilingi elfu kumi na mbili, kitambulisho cha taifa na mshororo. Konda anamwambia apishe mlango, mwenye mkokoteni anapiga mluzi, jua la saa saba linamchoma utosini. Akainua mikono katikati ya watu, akaanza kuhesabu. Zikatoka 17, gumba likiwemo.

Wiki iliyofuata msamaria mwema alimpigia simu, akamrudishia kitambulisho alichokiokota Jangwani. Fedha hazikuwepo, na kile kipande cha karatasi hakikuwepo pia.