Barua ya Wazi: Ombi la Kupunguziwa Jasho Huko Erawan

Kwa Wakuu wa Hifadhi ya Taifa ya Erawan,
Mkoa wa Kanchanaburi, Thailand.

YAH: MALALAMIKO YA WAGENI KUHUSU HEWA, MAWE, SAMAKI NA BEI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii inawasilishwa kwa heshima zote kwa niaba ya watalii wa Afrika Mashariki, ambao huvuka bahari ili kuyaona maporomoko yenye madaraja saba, yaani maanguko saba yanayofuatana mlimani, kisha hushangaa kukuta kwamba daraja la saba liko juu kuliko la kwanza.

Lalamiko la kwanza ni hewa. Mwili hujipoza jasho linapogeuka mvuke, lakini pale unyevuanga, yaani kiasi cha mvuke wa maji kilichomo hewani, unapozidi, jasho hukosa pa kwenda, likaishia kuloanisha shati huku joto likisalia mwilini. Wakuu wanaombwa kueleza ni nani aliyeidhinisha joto la Aprili lifikie kilele chake bila kuzingatia kwamba likizo ya Pasaka ya wageni mara nyingi huangukia mwezi huohuo.

Lalamiko la pili ni mawe. Maji yapitayo katika miamba ya chokaa huyeyusha madini yake, kisha huyatua tabaka juu ya tabaka hadi yakajenga kingo za vidimbwi vya rangi ya samawati. Kazi hiyo ya karne nyingi ingeweza kabisa kufanyika karibu na maegesho ya magari, badala ya kuwapandisha watu wazima juu ya mizizi na ngazi kwa zaidi ya kilomita moja, tena wakiwa wamevaa kandambili.

Lalamiko la tatu ni samaki wa vidimbwini, ambao hudonoa ngozi iliyokufa nyayoni. Mijini huduma hiyo hutozwa fedha, hivyo kuitoa bure na bila miadi, kwa mtu aliyeingia majini akidhani yuko peke yake, ni jambo la kutia shaka.

Lalamiko zito kuliko yote ni bei. Mgeni hulipa kiingilio kikubwa kuliko Mthai, na katika vivutio vingi vya nchi hiyo bei ya mwenyeji huandikwa kwa tarakimu za Kithai, ambazo mgeni huzipita akidhani ni mapambo. Utaratibu huo wa bei mbili huwaumiza mno Watanzania na Wakenya, ambao kwao hawajapata kuuona, kwa kuwa langoni mwa Serengeti na Maasai Mara hulipa shilingi zao na kupita, wala hawana sababu ya kugeuka kumtazama anayehesabu dola nyuma yao.

Kwa hiyo inapendekezwa iwepo bei ya tatu, kubwa kuliko zote, kwa mgeni ambaye hajawahi kuyaona maporomoko ya kwao, kama vile Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Bei hiyo ikianza kutozwa, hifadhi itapata ama fedha nyingi ama wageni wachache, na kwa vyovyote vile malalamiko kuhusu jasho yatapungua.

Wenu katika ujenzi wa taifa (la mwenyeji),

Kamati ya Wageni Waliochoka

Nakala: Samaki wote wahusika.