Namna ya Kukaa kwa Amani na Kiwanda Kilichofungwa

Hongera, jirani. Kiwanda kimefungwa. Moshi umekatika, malori hayaungurumi tena usiku wa manane, kufuli limeshika kutu getini na tajiri amekwenda zake bila kuaga. Jengo sasa ni lenu. Si kwa hati, maana hati iko kabatini kwa wakili fulani. Ni lenu kwa sababu chochote kilichoachwa mle ndani kitawafikia ninyi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwongozo huu utakuwezesha kuishi nalo miaka na miaka bila kugombana na mtu, bila kupoteza siku ya kibarua, na bila kujua lolote. Hilo la mwisho lishike sana. Mengine yote yanalitegemea.

Kwa hiyo jambo la kwanza: usiulize walikuwa wakitengeneza nini. Mtaani tayari kuna jibu la kutosha, nalo ni "mambo ya betri." Liache hapo hapo. Ukichokonoa zaidi, mzee mmoja aliyewahi kufanya kibarua mle atakusimulia jinsi betri kuukuu za magari zilivyokuwa zikipasuliwa kwa shoka, maji ya betri yakamwagwa mtaroni, vile vibamba vya ndani vikatiwa tanuri, na mwisho wa siku ikatoka risasi safi ya kuuza ng'ambo. Risasi safi iliondoka na makontena. Ile chafu ilibaki kwenye masizi, kwenye majivu, kwenye udongo wa ua na juu ya mapaa ya majirani. Nayo haiozi, wala haikupata habari kwamba geti limefungwa.

Hapa watu wenye kiherehere watakuletea maneno ya Shirika la Afya Duniani, kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama; kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima; na kwamba anayetambaa sakafuni huimeza kila akitia kidole mdomoni. Wasikilize kwa adabu, kisha waonyeshe watoto wenyewe. Si hao wanacheza? Hawana vipele, hawatapiki. Uzuri wa risasi ni kwamba mara nyingi haimwangushi mtu mbele za watu. Mtoto anakuwa tu mzito wa kushika hesabu, mkali bila sababu, na kwa makosa hayo tayari yupo mwalimu wa kulaumiwa.

Sasa tuingie ndani. Kila kiwanda kilichofungwa kina tundu ukutani, kwa kawaida upande wa vyoo, na kila tundu lina watoto wanaolijua. Ua ni mpana, umesawazishwa, hauna matope: uwanja wa mpira wa bure. Pembeni panapotuama maji mchicha utastawi. Vijana wa vyuma chakavu watakuwa wameshapita na kung'oa nyaya, mabomba na milango, lakini wao huacha vitu vizuri ambavyo havina bei ya kilo, na hivyo ndivyo vya kuangalia.

Chukua mapipa. Yale ya plastiki ya buluu, ya lita mia mbili na ushei, yenye mfuniko wa kukaza. Mjini Mombasa, ambako maji ya mfereji huja yakijisikia, pipa kama hilo ni mahari. Ubavuni utaona kibandiko kilichobanduka: nusu ya fuvu, mfupa mmoja, na herufi chache za jina refu ambalo hata mkemia angelisoma kwa kusitasita. Malizia kukibandua, kinaharibu sura. Suuza kwa sabuni ya unga mara tatu, mwaga masuuzo hapo hapo karibu na kisima, kisha nusa. Likinuka, lianike juani siku moja zaidi. Lisiponuka ndiyo bora kabisa, kwa maana sumu nyingi hazina harufu na hazitaharibu ladha ya chai. Kuna wanaodai plastiki hunywa kemikali na kuitoa polepole hata baada ya kuoshwa. Hao waulize wao huteka maji kwa kitu gani, na maongezi yataisha.

Nyuma ya jengo, kama vijana hawajaimaliza, kuna transfoma. Ndani yake mna mafuta, na mafuta hayo yana sifa ambayo mkaanga chipsi yeyote ataithamini: yanastahimili moto kwa muda mrefu bila kuharibika. Usidhani ni wazo langu. Mwaka 2014 ilitangazwa mbali kwamba hapa Kenya wezi walikuwa wakinyonya mafuta ya transfoma na kuwauzia wakaanga vyakula wa kando ya barabara. Baadhi ya transfoma za zamani zina kemikali ziitwazo PCB, zilizo katika orodha ya sumu ya Mkataba wa Stockholm wa 2001; nchi zilizotia saini zilikubaliana vifaa vyenye PCB viwe vimeondolewa kazini kufikia 2025. Nimeambiwa mkataba wenyewe ni mrefu. Kuhusu bhajia haukusema neno.

Paa nalo litazame vizuri. Ukiona shiti za kijivu, nene, zenye mawimbi, zisizoshika kutu hata pwani, na zinazokatika kama biskuti ukizigonga, basi umebahatika tena: hiyo ni asbesto. Vunja vipande utakavyo, ezekea banda la kuku, vinavyobaki weka chini ya mlango matope yasiingie. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, huelea hewani, huingia pafuni na hazitoki. Lakini ugonjwa wake huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza, na kufikia hapo kuku wameshaliwa na lawama itaiangukia sigara. Puuza ushauri wa wale wasemao shiti zisivunjwe wala kukwanguliwa, ziloweshwe maji kwanza, zifungwe kwa nailoni nene na kuondolewa na watu wenye leseni. Mtaa gani una watu wenye leseni?

Itafika siku mmoja wenu atashindwa kuvumilia. Mara nyingi ni mama fulani ambaye mwanawe hapandi uzito. Msimzuie kwa nguvu, itawaletea aibu. Mwacheni azunguke ofisi, zenyewe zitamrudisha.

Ataanzia kwa chifu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kiwanda? Hilo si langu mama yangu, hilo ni la watu wa mazingira."

Watu wa mazingira watamkaribisha kiti, kisha watamweleza kwamba wao hukagua kiwanda kinachofanya kazi, na hicho, kwa maelezo yake mwenyewe, kimefungwa. Aende kaunti, afya ya umma. Afya ya umma watauliza mgonjwa yuko wapi. Mgonjwa yuko mgongoni, amelala. Basi ampeleke hospitali apimwe. Hospitali watampima malaria, kwa kuwa ndicho kipimo kilichopo. Kwa kile cha risasi, damu husafirishwa, na hulipiwa. Mwisho atafika ofisi ya ardhi kuuliza mwenye jengo ni nani, na karani atamtazama kwa heshima mpya: "Mama unataka kununua?"

Akiamua kuandika barua, msaidieni kuiandika vibaya. Isiwe na tarehe. Iombe "msaada wenu" bila kusema msaada gani. Iachwe kwa bawabu, na nakala yake isigongwe muhuri wa kupokelewa, kwa sababu nakala yenye muhuri na tarehe ni kitu kibaya sana: siku moja inaweza kusomwa mbele ya hakimu. Wala asije akajua kwamba Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba leseni na ripoti za ukaguzi wa kiwanda hicho, na ofisi ina siku 21 za kumjibu. Katiba ya 2010 ifungieni sandukuni kabisa, hasa Ibara ya 42, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi, na ya 70, inayomruhusu kwenda mahakamani kuidai bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mambo kama hayo yakienea, mtu mzima mwenye mkokoteni wa maji anaweza kushtaki serikali.

Kama bado anasita, ipo silaha moja isiyoshindwa, na humtoka mwenye nyumba au kijana wa mheshimiwa: "Na ninyi mko hapa kwa hati gani?" Watu wasio na hati watakunja barua wenyewe. Ukitaka kuelewa kwa nini viwanda vya namna hii hupenda kukaa ukuta kwa ukuta na vijiji vya maskwota, usihangaike na ramani za mipango miji. Lisikilize swali hilo linavyoulizwa barazani na utazame nani anainamisha kichwa.

Jitahidini pia msije mkapata jirani wa aina ya Phyllis Omido. Wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, kule Mikindani, walimpata, na tazama yaliyofuata. Mwaka 2009 aliajiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichopakana na nyumba za watu. Mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi, naye badala ya kumshukuru Mungu kwa kazi akaiacha, na akaanza kuhangaikia watoto wa wenzake nao wapimwe. Wakaunda shirika, wakaandamana. 2012 akakamatwa na kushtakiwa uchochezi, mahakama ikamwachilia. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mtu mstaarabu angeishia hapo. Moshi si umekwisha, mnataka nini tena? Yeye akapokea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka uliofuata wakaingia mahakamani kudai vile vilivyobaki baada ya moshi, yaani udongo na miili ya watu.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ikaamuru udongo usafishwe katika miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 nyingine za kuusafishia. Na mbaya zaidi kwa maofisa wapenda amani, fungu kubwa la lawama halikumwangukia mwenye tanuri. NEMA, wale watu wa mazingira waliopaswa kumkagua, walibebeshwa asilimia 40. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kwa hesabu ya haraka, kesi iliishi kuliko kiwanda. Na katika miaka yote hiyo udongo haukwenda popote, ulikuwa ukifagiwa kila asubuhi kutoka uani hadi barazani na kurudi.

Tukitaja kufagia: endeleeni kufagia kavu, tena kwa nguvu, vumbi lipande vizuri. Kuna wanaopangusa sakafu na madirisha kwa kitambaa chenye maji, wanaacha viatu nje, wananawisha watoto mikono kabla ya kula, wanahamisha mchicha kwenye magunia yenye udongo wa kwingine, na wanahimiza dagaa na mbaazi kwa sababu eti mtoto mwenye madini ya chokaa na ya chuma ya kutosha mwilini hufyonza risasi kidogo. Gharama ya yote hayo ni karibu na bure, na ndiyo maana hamtayaona kwenye bajeti yoyote. Wengine wamefika mbali zaidi: wameziba tundu la ukutani kwa matofali. Watoto wamelia siku mbili. Huo ni ukatili.

Mkivumilia vya kutosha, atakuja mwekezaji. Mtamjua kwa gari na kwa vijana wawili wanaopima kiwanja kwa kamba. Siku hiyo mtaa mzima utafurahi, na kwa haki, maana jengo litavunjwa na mahali pake patainuka magorofa yenye jina la ua au la mji wa Italia. Hakuna atakayeuliza kama udongo umepimwa kwanza. Mwekezaji hataki kujua, muuzaji anajua na ndiyo sababu anauza, na ninyi mtakuwa mmekwisha kufuzu mwongozo huu. Tingatinga litaangusha kuta mchana kweupe bila tone la maji, na vumbi la miaka yote litapanda pamoja, lile la risasi likishikana mkono na la asbesto.

Kisha watachimba msingi, na hapa ndipo ninapokuomba uwe mwepesi. Udongo utakaotolewa hautatupwa. Utauzwa kwa malori kuwa kifusi cha kujazia viwanja, Miritini, Jomvu, hadi Mariakani, kwa bei ya kutupa. Shule yenye uwanja wa mabonde itataka. Msikiti unaopanua ua utataka. Fundi anayekujengea vyumba vya kupangisha atakupigia simu mwenyewe: kuna kifusi kizuri, cheusi, kimeshikana. Mwambie alete lori mbili, na umpe za soda.