Mafao Amegoma Kula

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Machame inang'ata masikio, nami nimesimama bandani nanyonywa. Ncha ya koti, kidole gumba, kamba ya buti, mkanda wa suruali: Mafao habagui. Pembeni ipo ndoo ya chakula nilichokichanganya kwa mikono yangu, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, chumvi, madini, na kijiko cha molasi kama hongo. Hata haitupii jicho. Kwake yeye chakula ni mimi, ila nimefanya ukaidi tu, sitaki kutoa maziwa.

Mafao ni ndama. Mama yake anaitwa Pensheni, kwa sababu nilimnunua kwa fedha niliyolipwa nilipostaafu baada ya miaka 32 ya uhasibu Dar es Salaam. Wenzangu walinunua pikipiki za bodaboda, zikaibiwa. Mimi nikasema nanunua Friziani chotara, mnyama ambaye huwezi kumwiba bila kihamba kizima kuamka.

Tatizo ni kwamba maziwa ya Pensheni si yangu, ni ya mke wangu. Anayapeleka kwenye chama cha maziwa cha akina mama wa Nronga, ambao tangu mwaka 1988 wanaendesha mambo yao vizuri kuliko ofisi nyingi nilizowahi kukagua. Siku za mwanzo Mafao alipewa dang'a yake bila ubishi. Baada ya hapo ikawa lita nne kwa siku, mbili asubuhi na mbili jioni, kwa chupa yenye chuchu ya mpira, na mnyweshaji ndimi mimi.

"Baba Upendo," mke wangu akaniambia juma la kwanza, "lita nne kwa siku ni lita 120 kwa mwezi." Hakushika kikokotoo. "Mfundishe kula."

Nikamwita bwana mifugo, kijana mdogo anayesema shikamoo kwa kuinama hadi kofia inataka kudondoka. Akachukua kijiti, akachora mviringo mavumbini, akaugawa mara nne.

"Mzee, tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Ndama anayenyonya anatumia hiki cha nne tu. Akinyonya, mfereji unajikunja, maziwa yanapita moja kwa moja. Hivi vingine bado ni vifuko."

Nikamwambia nimemwelewa sana. Ni kama nyumba zetu za kustaafia: vyumba vinne kwenye ramani, kimoja ndicho kimeezekwa.

"Sasa nafaka ndiyo fundi," akaendelea. "Ikifika chumba cha kwanza, vijidudu wanaichachusha, na ile asidi yake inaotesha vijidole ukutani. Hapo chumba kinakua. Majani peke yake hayatoshi kuvikuza hivyo vijidole. Anza wiki hii hii na chakula cha kujaa kiganja. Kikibaki, mwaga, kesho mpe kipya. Akila kilo moja kwa siku, siku tatu mfululizo, mwachishe maziwa."

Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika na kuipigia mstari kwa wino mwekundu. Alisema na jambo jingine kuhusu maji, lakini simu yangu ilikuwa inaita.

Nilianza kwa njia ya kistaarabu, chakula kiganjani. Mafao akapuliza. Pumba zote zikaniingia machoni. Siku ya pili nikampaka puani ili ajilambe. Akajifuta kwenye suruali yangu ya kanisani. Siku ya tatu nikasukuma ulimi wake na kutia chakula ndani sana kwa vidole viwili. Hapo nikajifunza kwamba ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, jambo ambalo kila mtu hulisema, ila meno ya nyuma anayo, juu na chini, jambo ambalo hakuna anayekuonya.

Siku ya nne nikaona labda hajui tu kwamba kile ni chakula. Mtoto huiga mzazi, na mzazi ni nani kama si mimi? Nikapiga magoti, nikashika ardhi kwa mikono miwili, nikatia uso ndooni na kutafuna kwa sauti. Sijui nilitafuna kwa muda gani. Najua tu kwamba nilipoinua uso, pumba zimetanda sharubuni, mzee wa kanisa alikuwa amesimama mlangoni na bahasha ya mchango wa ujenzi.

"Tutarudi siku nyingine," akasema. Alikuwa peke yake, lakini alisema "tutarudi".

Nikaamua kuacha sanaa na kurudi kwenye fani yangu. Nikanunua daftari, nikachora safu tatu: Kilichotolewa, Kilichobaki, Kilicholiwa. Ndoo nikaiacha bandani asubuhi nikaenda zangu, maana pengine mtoto alikuwa anaona haya. Jioni nikapima kwa mizani ya jikoni. Gramu 150 zimeliwa! Kesho yake 300. Wiki iliyofuata 600. Wiki ya tano Mafao akagonga kilo moja, akairudia kesho yake, na keshokutwa. Vitabu vinasema ndama wengi huachishwa maziwa kwenye wiki ya nane hivi. Nikajua wangu ana kipaji. Nyumba ilijaa neema kila upande: mke wangu naye alikuwa anawasimulia wenzake pale Nronga jinsi kuku wake wa kienyeji walivyoanza kutaga kama wameshindanishwa.

Nikazuia chupa.

Usiku ule Mafao alilia hadi alfajiri. Usiku wa pili sauti ilikuwa imekauka, akawa anakoroma kama redio isiyoshika stesheni. Nikafungua daftari kumwonyesha mke wangu kwamba mwenye kula kilo nzima hawezi kuwa na njaa. Akaliangalia daftari. Akaliangalia na dirisha.

Siku ya tatu nikampima kifua kwa kanda. Alikuwa amepungua sentimita mbili. Kwa mhasibu, mali inayopotea huku vitabu vimekaa sawa ina maana moja tu: yupo mtu ghalani. Kesho yake nikaweka ndoo kama kawaida, nikajificha nyuma ya lundo la mabingobingo.

Hazikupita dakika tano akaingia jogoo. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alitembea kama mtu anayeingia ofisini kwake. Akapanda ukingoni mwa ndoo, akaita kwa sauti ile ya kuita wake, na kuku saba wakaingia kwa mstari pamoja na vifaranga. Waliokuwa chini walikula kilichomwagwa na waliokuwa juu. Mafao alisimama pembeni akiramba ukuta, akiwaangalia kama mgeni asiyekaribishwa mezani. Hesabu zangu zote zilikuwa sahihi hadi gramu ya mwisho. Safu ya nne, Nani Kala, ndiyo sikuichora.

Nikamrudishia chupa siku hiyo hiyo, kwa siri, nikimwambia mke wangu kwamba Pensheni amepunguza maziwa kwa ajili ya baridi. Kisha nikaenda kwa bibi jirani, aliyelea ndama kabla bwana mifugo hajazaliwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Maji unampa?"

Nikasema anapata maziwa, na maziwa ni maji. Akacheka hadi akaketi. Maziwa yanapita kwenye mfereji, akanieleza, chumba cha kwanza hayakigusi. Pumba zikifika mle bila maji zitachachuka na nini? Kumbe ndilo neno nililoliuza kwa simu ya mtu aliyekosea namba.

Mengine yakaenda haraka. Nikaweka maji safi, nikafunga wavu mlangoni, na kila chupa ilipoisha, Mafao akiwa bado anafyonza hewa, nikamtilia pembeni mwa mdomo konzi dogo la chakula. Bibi akaniazima na ndama wake wa miezi mitatu awe mwalimu. Siku ya kwanza Mafao alimnyonya mwalimu masikio. Siku ya pili akatia pua ndooni kumfuata. Siku ya tatu wakagombana, na ndama anayegombania pumba hahitaji tena mtu mzima kupiga magoti.

Jioni moja nikamkuta amelala, macho nusu, anatafuna, na mbele yake hakuna kitu. Nikakimbia jikoni.

"Mama Upendo, anacheua!"

"Basi lete chupa niioshe, niiweke kabatini," akasema.

Sasa Mafao ana wiki kumi na moja, anakula kilo moja na nusu, na asubuhi ananipita bila salamu kwenda kwenye ndoo. Mzee wa kanisa hajarudi. Bahasha tulimpelekea wenyewe. Kuku nao wamepunguza kutaga. Mke wangu amekwisha kuwaita wataalamu wawili waje kuwaangalia, na bado hawajaona ugonjwa wowote.